Ushujaa wa Kushuka Garini

Kila anayesimulia maisha ya Niki Lauda, dereva wa langalanga ya Formula 1, huanza na moto. Simlaumu. Gari lililowaka pale Nürburgring Agosti 1, 1976, padri aliyeitwa hospitalini kumpa mpako wa wagonjwa, kisha dereva yule yule kurudi kwenye usukani siku 42 baadaye akiwa bado na bendeji kichwani: hayo ni masimulizi yanayojiuza yenyewe. Lakini naamini tunamsifu Lauda kwa jambo la pili na kulisahau la kwanza. Siku yake kubwa ni Oktoba 24 ya mwaka ule ule, katika uwanja wa Fuji, Japani. Mvua ilikuwa ikinyesha, ukungu umetanda, na ubingwa wa dunia ulikuwa unaamuliwa saa ile. Lauda alikuwa mbele ya James Hunt kwa pointi tatu. Akazunguka mara mbili, akaingiza gari kwa mafundi, akashuka.

Hunt alimaliza wa tatu, akawa bingwa kwa pointi 69 dhidi ya 68.

Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa na Safari Rally, iliyoanza 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Gari la mashindano tunalolijua lina bodi nzima, lina milango, na pembeni ya dereva yuko mwenzake anayemsomea njia. Gari la langalanga halina hayo. Dereva yuko peke yake, miguu ameinyoosha mbele, kichwa kiko nje, na magurudumu yote manne yako wazi. Gurudumu la mbele la gari moja likigusa la nyuma la gari jingine, huliparamia, na gari zima linaweza kuruka hewani. Katika miaka ya 1970 dereva alizungukwa na matangi ya petroli ndani ya kasha la alumini, na mwanzoni mwa mashindano petroli hiyo ilifika takribani lita 200. Madereva walikufa karibu kila mwaka. Wenzao waliwazika, wakarudi kazini.

Mtu anayefanya kazi ya namna hiyo tunamtazamia awe jasiri, na ujasiri tunaoutaka ni wa kukanyaga mafuta. Lauda alikuwa nao. Ila kilichomfikisha alikofika ni kitu kingine, adimu zaidi miongoni mwa madereva na miongoni mwa watu wote wanaofanya kazi chini ya mabosi wenye pesa: alisema kilicho kibovu kuwa ni kibovu, mbele ya mtu asiyetaka kusikia.

Tuanze na pesa, kwa kuwa kazi hii huanzia hapo. Langalanga haina chandimu. Mtoto wa Manzese au Kibera anaweza kuanza soka na mpira wa makaratasi akaja kuonekana. Dereva huanzia kwenye vigari vidogo vya gokati, navyo vinataka injini, matairi, fundi na usafiri wa kila wikendi, wakati mtoto mwenyewe hata shule ya msingi hajamaliza. Baba yake Lewis Hamilton, Anthony, alifanya kazi zaidi ya moja ili mwanawe aendelee kushindana, mpaka McLaren walipomchukua mwaka 1998 akiwa na miaka 13. Wazazi wa Mfaransa Esteban Ocon waliuza nyumba yao, familia ikaishi kwenye karavani. Hao wawili walifika. Waliouza nyumba na wasifike hatuwajui majina.

Lauda alizaliwa Vienna mwaka 1949 katika ukoo wa wenye viwanda, na mtu angedhani suala la pesa lilikwisha siku ile ile aliyozaliwa. Haikuwa hivyo. Familia iliona mbio za magari ni aibu kwa jina lao. Kijana akaenda benki kuomba mkopo wa kununua nafasi kwenye timu, benki ikakubali, babu yake, aliyekuwa na sauti kwenye benki hiyo, akauzuia. Lauda akaenda benki nyingine, akaweka rehani bima yake ya maisha. Fikiria dhamana hiyo. Benki ingelipwa ama kwa yeye kushinda, ama kwa yeye kufa.

Mwaka 1972 timu ya March iliyochukua pesa zake ilitengeneza gari jipya ambalo wahandisi walilitegemea sana. Lauda alilijaribu, akawaambia halifai kitu. Ronnie Peterson, mwenzake kwenye timu, Msweden mwenye kipaji cha ajabu, aliona linaweza kushinda. Wakamsikiliza Peterson. Baada ya mashindano machache gari likatupwa, na kila mtu akajua nani alikuwa amesema kweli, ila Lauda hakuongezewa heshima hata kidogo. Dereva anayelipia kiti chake huchukuliwa kama mteja, na mteja hana la kumwambia mhandisi. Hapo ndipo ninapoona ubaya mkubwa wa mfumo wa madereva wa kulipia, na upo mpaka leo. Tunazoea kulalamika kwamba unawaingiza wasio na uwezo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba unamziba mdomo hata mwenye uwezo.

Alikopa tena, akaingia BRM mwaka 1973 akiwa na deni la kumzamisha mtu. Mwenzake pale alikuwa Clay Regazzoni, ambaye alipoitwa na Ferrari kwa ajili ya msimu wa 1974 alimweleza Enzo Ferrari kwamba yule kijana wa Austria anafaa. Ferrari ikamlipa, madeni yakaisha.

Yaliyotokea Fiorano, kwenye uwanja wa majaribio wa Ferrari, Lauda aliyasimulia mwenyewe mara nyingi. Alizungusha gari, akarudi, Mzee Enzo akamuuliza analionaje. Akajibu kwamba ni baya. Piero, mtoto wa Enzo aliyekuwa akitafsiri, akamwambia huwezi kusema hivyo hapa. Lauda akafafanua: gari linagoma kukata kona, pua inakimbilia nje, sehemu ya mbele ifanyiwe kazi upya. Enzo akamuuliza mhandisi Mauro Forghieri inahitaji muda gani, kisha akamgeukia kijana: wiki moja, usipoongeza kasi unayoiahidi, kazi huna. Gari likarekebishwa, kasi ikapatikana. Aprili 1974 Lauda akashinda Jarama, Hispania, ushindi wake wa kwanza. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia, na Ferrari ikapata bingwa wa madereva baada ya kungoja tangu 1964.

Nakaa kidogo hapo Fiorano kwa sababu watu husimulia tukio lile kama kiburi cha kijana. Halikuwa kiburi. Maneno yake yalikuwa na ushahidi ndani: wapi gari linakosea, kwa nini, nini kifanyike. Alikuwa akizunguka usiku na mchana na mafundi, akijaribu matairi na breki, akiandika. Mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo anastahili kusema "baya," na anayemlipa anastahili kuambiwa.

Basi tufike Nürburgring. Njia ile ya zamani ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 23, ikipita msituni, ikipanda na kushuka milima. Kabla ya mashindano ya 1976 Lauda aliwataka madereva wenzake wasikimbie pale, kwa hoja rahisi: njia ni ndefu mno, zimamoto na madaktari hawawezi kuwa kila mahali. Wakapiga kura. Hoja yake ikashindwa kwa kura moja. Wako walionong'ona kwamba bingwa ameingiwa na woga. Mwaka mmoja kabla, kwenye njia hiyo hiyo, Lauda alikuwa amezunguka chini ya dakika saba katika mchujo, jambo ambalo hakuna dereva mwingine wa Formula 1 aliyelifanya pale. Aliyeijua njia ile kwa kasi kuliko wote ndiye aliyesema isitumike.

Aliyeshindwa kwenye kura alikimbia pamoja na walioshinda. Katika mzunguko wa pili gari lake liliacha njia, likagonga ukingo, likarudi katikati ya barabara likiwaka, likagongwa. Helmeti ilikuwa imechomoka. Zimamoto haikuwapo karibu, kama alivyosema. Waliomtoa motoni ni madereva: Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl. Alikuwa ndani ya moto karibu dakika moja. Uso uliungua, sikio la kulia likaliwa sehemu kubwa, lakini kilichokaribia kumuua ni moshi wa sumu alioupumua hadi mapafuni. Baada ya mwaka ule magari ya Formula 1 hayakukimbia tena kwenye njia hiyo ndefu.

Ferrari hawakungoja. Walimchukua Carlos Reutemann. Lauda alipofika Monza Septemba 12 alikuta magari matatu ya Ferrari na kiti chake kikiwa na mrithi, na akamaliza wa nne, mbele ya huyo mrithi. Siku zile aliwaambia waandishi wa habari kwamba woga ameushinda haraka. Miaka ya baadaye akakiri hakusema kweli: pale Monza alikuwa anatetemeka kwa hofu, ila hakutaka washindani wajue. Nampenda zaidi kwa kukiri huko. Maana yake ni kwamba alijua ladha ya kuficha, aliijaribu mara moja, na pengine ndiyo sababu wiki sita baadaye pale Fuji hakuwa tayari kuirudia.

Kwa sababu Fuji alipewa nafasi ya kudanganya. Aliposhuka garini Forghieri, kwa nia njema kabisa, alimwambia watatangaza kwamba injini ilikuwa na hitilafu. Nani angebisha? Injini hufa kila siku. Lauda angerudi Italia akiwa bingwa aliyeporwa na bahati mbaya, watu wangelia naye. Akakataa. Akasema ameacha kwa sababu ni hatari mno. Kope zake zilizoungua zilikuwa hazifumbi sawasawa, macho yakijaa maji, na mbele yake hakukuwa na njia ila ukuta mweupe wa maji yaliyorushwa na matairi. Emerson Fittipaldi, Carlos Pace na Larry Perkins nao waliacha siku ile. Ila wao hawakuwa na ubingwa wa kupoteza.

Magazeti ya Italia yalimshukia. Ndani ya Ferrari imani ikapungua, akaanza kutazamwa kama mtu aliyevunjika. Jibu lake lilikuwa msimu wa 1977. Alishinda Kyalami, Afrika Kusini, katika siku ya msiba mzito: dereva Tom Pryce na kijana mwangalizi wa njia aliyekuwa amebeba kizimamoto walikufa pamoja, na Lauda alipofika mwisho furaha ya ushindi haikuwapo. Akashinda tena Ujerumani na Uholanzi. Alipohakikisha ubingwa pale Watkins Glen, Marekani, akawaachia Ferrari gari lao huku mashindano mawili yakiwa bado yamesalia. Mtu aliyeitwa mwoga alichukua taji, akaondoka kwa miguu yake.

Kuondoka lilikuwa jambo alilolijua vizuri. Mwaka 1979 akiwa Brabham alikatiza mazoezi Montreal, akasema amechoka kuzunguka duara, akaenda kujenga shirika lake la ndege. Akarudi 1982 na McLaren, na mashindano yake ya kwanza yalikuwa hapo hapo Kyalami. Madereva wengine walipokea fomu mpya za leseni, wakasaini. Lauda alisoma. Akakuta kipengele kinachomfunga dereva kwa timu yake kana kwamba timu ndiyo inayommiliki. Yeye na Didier Pironi wakawaongoza wenzao kwenye mgomo: wakapanda basi, wakaenda hoteli moja Johannesburg, wakalala wote kwenye ukumbi mmoja, piano ikiwa imesukumwa mlangoni ili mabosi wa timu wasiingie kumvuta mmoja mmoja. Kesho yake walirudi uwanjani na mashindano yakafanyika. Faini zilifuata, lakini fomu ile ilibadilishwa.

Hapa namdai Lauda kitu, na siwezi kulipita. Mgomo ule ulifanyika katika nchi ya ubaguzi wa rangi, mahali ambapo mfanyakazi Mweusi aliyegoma hakuishia kutozwa faini. Madereva wale walipigania karatasi yao, haki yao, lakini Formula 1 iliendelea kwenda kwa Makaburu mpaka 1985, naye akiwa miongoni mwao. Jicho lililoona kasoro kwenye fomu ya leseni lilikuwa na uwezo wa kuona zaidi ya pale.

Alikosea pia kuhusu usalama. Kile kizuizi cha juu ya kichwa cha dereva kinachoitwa halo kilipopitishwa, Lauda alikipinga waziwazi, akiona kinaharibu asili ya gari la langalanga. Novemba 2020, mwaka mmoja na nusu baada ya kifo chake, gari la Romain Grosjean lilipasua uzio wa chuma Bahrain, likakatika vipande viwili na kuwaka. Halo ilikinga kichwa chake, akatoka motoni akitembea. Mwanamume aliyekaribia kufa kwa moto alikuwa amekataa kifaa kilichomwokoa mwingine motoni. Msema kweli naye hukosa, na sioni kwamba hilo linamshusha. Alisema kwa jina lake, mbele ya watu, kwa hiyo tunaweza kupima alichosema.

Madereva wa leo ni hodari, wana afya na nidhamu ambayo kizazi cha Lauda hakikuwa nayo, na wamefika kwa ngazi ngumu: ili kupata leseni ya Formula 1 ni lazima ukusanye pointi 40 kwenye ngazi za chini. Lakini wasikilize wakihojiwa. Gari likiwa bovu husema wamejifunza mengi leo. Mdhamini yuko kwenye kofia, msemaji wa timu yupo nyuma ya bega na kinasa sauti. Siwalaumu vijana, wamefundishwa kwamba neno moja linaweza kuwagharimu kiti ambacho wazazi wao walikiuzia nyumba. Nawalaumu wanaowafundisha. Lauda mwenyewe, akiwa mwenyekiti wa timu ya Mercedes tangu 2012, alisaidia kumshawishi Hamilton ajiunge nao, na Hamilton ni mmoja wa wachache wa kizazi hiki wanaosema wanachokiamini hata kama kinawaudhi watu.

Mwaka 1984 Lauda alikuwa na umri wa miaka 35, na Alain Prost, mwenzake pale McLaren, alimzidi kasi karibu kila Jumamosi ya mchujo. Msimu mzima Lauda hakuanza wa kwanza hata mara moja. Prost alishinda mashindano saba, yeye matano, na bado ubingwa ukawa wa Lauda kwa nusu pointi: 72 kwa 71.5. Alijua hana kasi ya Prost, akajiambia hivyo, akaacha kushindana naye kwenye mchujo na kuelekeza kazi yote kwenye gari la Jumapili. Huo ni ubingwa wa mtu aliyejiambia ukweli kwanza yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata alishinda Zandvoort, ushindi wa 25, kisha akaacha moja kwa moja.

Kazi ya udereva iliisha pale, ila somo lake kubwa lilimkuta kwenye ndege. Mei 26, 1991, Boeing 767 ya Lauda Air iliyokuwa ikitoka Bangkok kwenda Vienna ilisambaratika angani juu ya Thailand. Watu wote 223 walikufa. Lauda alikwenda msituni mwenyewe, akatembea kati ya mabaki. Ilikuja kubainika kwamba katika injini moja kifaa kinachogeuza msukumo kuelekea mbele, ambacho kazi yake ni kupunguza mwendo ndege ikishatua, kilifunguka ndege ikiwa inapaa. Alisimulia jinsi alivyokwenda Boeing, Seattle, akaingia kwenye mtambo wa mazoezi ya marubani, akajaribu tena na tena kuiokoa ndege katika hali ile na kushindwa kila mara. Akataka kampuni iwatangazie watu kwamba marubani wake hawakuwa na la kufanya. Wakasita. Ndipo alipowaambia: kama mnasema ndege hii inaokoleka, ijazeni kama ilivyokuwa siku ile, mimi na marubani wenu wawili tupande, tukifungue kifaa hicho angani. Wakakataa kuruka, na taarifa aliyoitaka ikatolewa. Baadaye vifaa vya namna hiyo viliongezewa kufuli ya kuvizuia kufunguka ndege ikiwa angani.